Kaburi Lililokata Safu

Wachimbaji walikuwa wameshafika magotini Kaudha alipotokea makaburini. Hakuwasalimia. Alikaa ukingoni mwa shimo, akateremsha miguu yake yote miwili ndani, akakunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri gari.

"Dada, toka hapo," alisema Jovan, mmoja wa wachimbaji. "Wanawake hawakuji kwa kaburi."

"Mimi nimeshakuja," alisema Kaudha. "Na hili shimo si la baba yangu."

Lilikuwa la baba yake, na wote walijua. Mzee Feruzi Amuri, fundi cherehani, alikata roho asubuhi ile baada ya swala ya alfajiri, mwezi wa tatu mwaka wa themanini na nane, katika nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe huko Nakivale. Alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda aliyoikata mwenyewe miaka miwili kabla, kwa kuwa hakuuamini mkasi wa mtu mwingine. Angezikwa baada ya adhuhuri. Kilichobaki ni kaburi tu, na kaburi ndilo lililomtoa Kaudha matangani mbio, kanga ikimdondoka begani.

Shimo lilichimbwa kama yalivyochimbwa makaburi yote ya Waislamu pale, ili maiti alazwe ubavu wa kulia, uso ukielekea jua linakotoka. Na Mzee Feruzi alikuwa ameusia mara tatu, mbele ya mashahidi, kwamba asilazwe hivyo. Alitaka uso wake uelekee pengo, lile bonde dogo kati ya vilima viwili upande wa kaskazini, kwa sababu Makka, alisema, iko huko. Wazee wa msikiti walimsikia mara zote tatu. Asubuhi hiyo walikaa kikao kifupi, wakakubaliana kwamba marehemu hana tena la kusema. Walisahau kwamba ana binti.

Chanzo cha ugomvi huu kilikuwa na umri karibu sawa na Kaudha mwenyewe. Feruzi alizaliwa Kasongo, akahamia Rutshuru kushona nguo, na huko ndiko vita vya Kongo vilikomkuta. Mwaka wa sitini na tano alivuka mpaka kuingia Uganda akiwa amejitwika kichwa cha cherehani. Miguu ya cherehani aliiacha Rutshuru, kwa sababu mkewe Zuhurah alikuwa amembeba Kaudha mgongoni na hapakuwa na mtu wa tatu. Malori yakawachukua, yakazunguka nao siku nzima kwenye barabara zisizo na jina, na siku ya pili yake, Ijumaa, yakawateremsha kwenye nyasi za Nakivale chini ya mawingu mazito. Hakuna aliyejua kushoto wala kulia.

Saa ya swala ilipofika, mmoja wa askari waliowasindikiza aliweka bunduki chini, akatandika koti lake la mvua, akaanza kuswali. Wakimbizi wa Kiislamu walimtazama, wakatazamana. Askari Mwislamu! Siku ya pili tu katika nchi ya watu! Wengine walilia kwa furaha. Wakajipanga nyuma yake safu tatu, wanaume mbele na wanawake nyuma, wakaelekea alikoelekea. Nani, siku ya pili ya ukimbizi, angemgonga bega mwenye bunduki amuulize kama ana uhakika?

Malori yalipoondoka, walipigilia vigingi pale askari alipoweka paji la uso. Juu ya vigingi hivyo wakajenga msikiti wa matete, kisha wa udongo, kisha wa mabati, na makaburi nayo yakafuata msikiti. Jua lilipojitokeza baada ya siku mbili, waliona kwamba wanaswali wakilitazama likichomoza. Mzee mmoja alinung'unika kuwa kwao Kasongo jua la asubuhi lilikuwa likimpiga shavu la kulia, si machoni. Wakamwambia hii ni Uganda, ardhi ya hapa imekaa vingine. Yakaishia hapo kwa miaka kumi na tisa.

Katika miaka hiyo, aliyewaosha wanaume waliokufa alikuwa Feruzi, na Zuhurah aliwaosha wanawake. Feruzi ndiye aliyekata sanda, ndiye aliyechimba, ndiye aliyeshuka shimoni kuwapokea. Hakuchaguliwa na mtu. Mtu wa kwanza alipofariki, wengine wote walikuwa wakitazamana, naye akachukua jembe, na tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Angeweza kuacha gauni la harusi nusu mkono chini ya sindano, bi harusi akilia mlangoni, akaenda kumwosha mzee ambaye hata jina lake hakulijua.

Mwaka wa themanini na mbili, watu walipofukuzwa makwao sehemu nyingi za Mbarara na kumiminika Nakivale na ng'ombe wachache waliowanusuru, Feruzi alichimba hata mikono ikavimba. Hakuuliza dini. Kwa Wakatoliki alichimba walivyotaka wao, kisha akasimama kando, kofia mkononi, mpaka katekista amalize. Jovan, kijana wa wafugaji waliofukuzwa upande wa Endiinzi, alifiwa na baba yake wiki ya kwanza, na mtu aliyekuja na jembe bila kuitwa alikuwa fundi cherehani wa Kikongo aliyevaa kanzu yenye viraka. Baada ya hapo, kila Feruzi alipochimba, Jovan alikuwa upande wa pili wa shimo.

Huyo ndiye Feruzi wa utumishi, ambaye kila mtu alimpenda. Lakini kulikuwa na Feruzi mwingine ndani ya kanzu hiyohiyo, na huyo aliwachosha watu: Feruzi wa maswali. Alifungua tochi ya muuguzi ili aone mwanga unakaa wapi kabla ya kuwashwa. Alishinda siku nzima na wafugaji akiwauliza wanajuaje kama ndama aliye tumboni ni dume, na walipomwambia hawajui, alirudi nyumbani amefurahi, kwamba kumbe kuna jambo ambalo hata wenyewe hawajui. Siku moja muuguzi alimruhusu kuchungulia kwenye hadubini tone la maji ya ziwa. Akarudi anatembea polepole. Tangu siku hiyo Zuhurah alichemsha maji, na kila mgeni aliyeomba maji ya kunywa alipewa kwanza maelezo.

"Baba Kaudha, utamaliza lini kuuliza?" Zuhurah alikuwa akimwambia.

"Mungu alinipatia kichwa," Feruzi alimjibu. "Nikimurudishia kingali kipya, hatanicheka?"

Zuhurah alifariki mwaka wa themanini na tatu, kwa homa ya siku nne. Wanawake walimwosha, na Feruzi akashuka mwenyewe kumpokea. Akamlaza ubavu wa kulia, akamfungua kamba za sanda, akamwekea udongo chini ya shavu kama alivyowafanyia wengine wote, uso wake ukielekea jua linakotoka.

Mwaka uliofuata, Kasim, mfanyabiashara wa vitambaa mjini Mbarara ambaye Feruzi alinunua uzi kwake, alimpa zawadi ya kalenda iliyopigwa chapa Mombasa. Watu wengine hutundika kalenda. Feruzi aliisoma, hadi jina la mpiga chapa. Chini ya mwezi wa tano, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa kwamba tarehe ishirini na nane, saa sita na dakika kumi na nane mchana, jua litasimama juu ya Al-Kaaba sawasawa, na kila alionaye saa hiyo atakuwa anaitazama kibla.

Aliisoma mara nyingi mno. Kisha akakata kijiti kirefu kama yeye, akakichonga kwa kisu mpaka kikanyooka kabisa.

Kaudha alikuwepo siku hiyo. Wakati huo alikuwa ameshahamia Mbarara, akishona magwanda na sketi za wake wa askari katika kibanda karibu na kambi ya jeshi, na alikuwa amekuja Nakivale kumtayarishia baba yake nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Alimkuta uani, amekisimika kijiti, amefunga uzi kwenye kibuyu cha cherehani, kile kichuma kinachobeba uzi wa chini, na kukining'iniza ili ahakikishe kijiti hakijainama. Redio ilipotangaza saa sita kamili, Feruzi alianza kuhesabu dakika kwa sauti. Ilipofika ya kumi na nane, alipiga magoti na kuchora kivuli kwa chaki yake ya fundi, akaweka rula ya mbao juu ya mstari, akalala kifudifudi na kufumba jicho moja kufuata mstari kinyume cha kivuli, upande wa jua.

Ulikwenda kwenye pengo la vilima. Jua linakotoka lilikuwa mbali kabisa, mkono wa kulia.

Kaudha alitegemea baba yake aruke kwa furaha, kama alivyozoea akigundua kitu. Feruzi alikaa chini pale alipokuwa, chaki mkononi, na alichosema kilikuwa kimoja.

"Mama yako. Nilimulalisha vibaya."

Kalenda ilikuwa na tarehe nyingine kama hiyo, katika mwezi wa saba, na aliisubiri kwa subira ya mtu anayeomba aonekane mjinga. Mwezi wa saba kijiti kilisema lilelile. Basi akafunga safari ya Mbarara. Alitaka kumwona yule askari.

Kaudha alimwambia hiyo ni kazi bure, kwamba askari wa mwaka wa sitini na tano, katika nchi iliyogeuzwa juu chini mara ngapi, ama amekufa ama yuko Sudan. Feruzi alimjibu kwamba hajamuuliza kama yupo, amemuuliza wataanzia wapi. Wakaanzia kwa Kasim. Kasim akawatuma kwa muuza viatu, muuza viatu kwa muuza nyama, na siku ya tatu, huko Kakiika, wakamkuta mzee mnene anayepalilia migomba yake, kanzu imefungwa kiunoni. Jina lake lilikuwa Faruku. Alipotajiwa Nakivale, malori na Ijumaa ya mawingu, aliangusha jembe.

"Wee mzee, mimi nakumbuka hiyo siku," alisema. "Mawingu ilikuwa mingi sana. Hata mimi sikujua wapi ni wapi. Nilitafuta pahali majani iko kavu, nikatandika koti, basi. Halafu nasikia watu nyuma yangu. Kumi, ishirini, wanapanga laini! Nikasema, ee, hawa ni Waswahili ya Kongo, hawa wamesoma dini kutoka zamani. Kama mimi nimekosa, si wataniambia?"

"Na siye tulisema, huyu njo mwenyeji," Feruzi alisema, "tena ni serikali. Atakosa namna gani?"

Walitazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa Faruku, kisha Feruzi, na mwishowe wote wawili walikuwa wameshikana mabega katikati ya migomba, wanacheka hadi machozi. Kaudha hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake na kusubiri, naye Faruku akaacha kucheka ghafla.

"Na watu mulizika hivyo?"

"Batu arobaini na mbili," alisema Feruzi. "Kwa hii mikono."

"Bannange, jamani," alisema Faruku, akafunika uso. "Kwa sababu ya majani makavu!"

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Feruzi aliomba ruhusa ya kusema. Angeweza kuzungumza na maalimu pembeni. Angeweza kuanza na hadithi ya kalenda. Kaudha, aliyekuwa upande wa wanawake, alimsikia akianza na kitu kingine.

"Bandugu, bibi yangu Zuhurah nilimulalisha, na macho yake haikuangalia kibla. Ni mie mwenyewe, hapana mutu mwingine. Na kisha yeye, na mbele yake, nililalisha benu. Sikujua. Na ninyi hamukujua. Sitaki tufukue hata mutu mumoja, hao biko kwa Mungu na Mungu hana kazi na vijiti vyetu. Ninaomba tu, tangu leo, tuchimbe sawasawa na tusali sawasawa."

Msikiti mzima ulilipuka. Wapo waliolia, wapo waliotukana. Kila mmoja alikuwa na mtu wake pale kilimani, na hakuna aliyetaka kusikia kwamba mtu wake amelala ameinyoshea Makka miguu. Maalimu Nasuru, mwalimu wa madrasa na imamu wao, hakupiga kelele. Alikuwa na pacha wawili katika makaburi yale, wavulana waliofariki kwa surua wiki moja, waliolazwa na Feruzi mwenyewe. Alisimama, akasema kwa sauti ndogo kwamba Mzee Feruzi amechoka na apumzike kazi ya maiti. Kwa maneno hayo matamu walimnyang'anya jembe.

Walidhani ataaibika na kunyamaza. Hawakumjua. Aliendelea kuswali msikitini humo kila siku, safu ya mwisho, mkeka wake ameutega kuelekea pengo, miguu yake ikiingia kwenye nafasi ya jirani. Wakambatiza jina, Mzee Upande. Watoto walimwimbia njiani, naye akawaitikia. Kila alipofariki mtu, asubuhi palikutwa sanda kizingitini mwa msikiti, imekatwa vizuri na kukunjwa, na kila mtu alijua mkasi ni wa nani, na waliichukua. Hilo Kaudha hakuwasamehe. Walimkataa mtu na kuvaa kazi yake!

Na kila mwaka, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa tano, Feruzi alisimika kijiti uwanjani, mchana kweupe, akawaita watu waje waone. Mwaka wa kwanza alikuja Jovan peke yake, naye ni Mkristo. Mwaka wa pili walikuja sita. Mwaka wa tatu walikuwa zaidi ya thelathini, wengi wakijifanya wanapita tu. Maalimu Nasuru hakuja hata mara moja, lakini madrasa yake ilitazamana na uwanja, na siku hiyo dirisha lilikuwa wazi.

Sasa Feruzi alikuwa jenezani, na Maalimu Nasuru alikuwa anapanda kilima cha makaburi na wazee watatu nyuma yake, amevaa joho lake la Ijumaa. Mtu alikuwa amekwenda kumwambia kuhusu miguu ya Kaudha.

"Kaudha, mwanangu," alisema, "toka mule. Unatuletea haya mbele ya batu."

"Haya ya nani, Maalimu?"

"Tukimulalisha vile alisema, kaburi itakata safu. Kila mutu atapita hapa atauliza. Tutabaambia nini? Kama baba zao na mama zao balilala vibaya?"

"Mutabaambia ile Baba alibaambia. Yeye alianza na mama yangu. Nani alimulazimisha aanze na mama yangu?"

Maalimu alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Kaudha zaidi. Mtu mbaya angemrahisishia kazi. Alichuchumaa ukingoni karibu naye, joho likigusa udongo, akasema kwa upole.

"Sikiliza, binti Feruzi. Kuna mutu anakufa ndani ya maji, samaki banamula. Hana kaburi, hana kibla, na Mungu anamupokea. Hawa bote hapa, hata kama Feruzi alisema kweli, Mungu amebapokea. Sasa atashindwa kumupokea Feruzi kwa mustari wetu?"

Watu waliokuwa wameanza kukusanyika waliguna kwa kukubali. Lilikuwa swali zuri, swali ambalo Feruzi angelipenda, na hapakuwa na baba wa kulijibu. Kaudha alitazama miguu yake ndani ya shimo. Akatazama pengo. Hasira ilimpanda tena, safari hii imekuja na jibu lake.

"Hao hawakujua, Maalimu," alisema. "Hao Mungu alibapokea sababu hawakujua, na mwenye alibalalisha hakujua. Lakini Baba alijua. Na weye unajua. Hii miaka ine lile pengo liko pale, munaliona mukiamka, munaliona mukilala, hakuna mutu hapa hajue. Mukimugeuza leo kwa nguvu, ile haiko makosa tena. Ile ni makusudi. Nenda umuambie Mungu ulifanya makusudi sababu uliogopa batu bataguna."

Mmoja wa wazee alipandwa na jazba. "Basi hatutamuswalia!"

"Musimuswalie! Nitamuswalia mie. Na Jovan atamushusha."

"Jovan ni Mukristo!"

"Ndiyo. Na anajua kibla kupita weye."

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Kaudha alitoa miguu shimoni, akasimama, akachukua jembe lililokuwa limelala kwenye udongo. Alikwenda miguuni pa kaburi la mama yake, ambapo palikuwa na nafasi, akatazama pengo, akapiga jembe la kwanza. Udongo ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani. Mikono yake ilizoea mkasi. Akapiga la pili na la tatu, huku akijua kwamba kila jicho liko mgongoni mwake na kwamba mstari wake unakwenda kombo. Hakuacha.

Jovan alimtazama kidogo, kisha akatoka katika shimo la kwanza.

"Dada, hapo unachimba vibaya," alisema. "Kichwa iko huku, miguu huku. Mzee alinionyesha. Sogea." Akaweka mpini wa jembe chini, akaupima na pengo kama alivyofundishwa, akachora mstari kwa kisigino. Wakachimba wawili, yeye na Kaudha, gauni la matanga likichafuka udongo mwekundu mpaka kiunoni. Baadaye kidogo mchimbaji wa pili naye alikuja, akimkwepa Maalimu kwa macho.

Maalimu Nasuru hakuwazuia. Alisimama pale wakati wote wa kuchimba, mikono nyuma. Shimo lilipofika kifuani, aliwaambia wazee wakalete jeneza. Yule mwenye jazba alikataa, akashuka kilima peke yake akiongea na hewa. Wale wawili walikwenda.

Wakamswalia. Maalimu alisimama mbele, na wote waliona alivyosita, akatazama msikiti kule chini, akatazama shimo, kisha akalipa pengo uso wake. Kaudha alisimama nyuma ya wanaume, mwanamke peke yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Maiti alipoteremshwa, Maalimu alivua joho akashuka yeye mwenyewe kumpokea. Akamlaza ubavu wa kulia. Akamwekea udongo chini ya shavu, na kwa muda mrefu kuliko desturi alibaki ameinama mle ndani, mkono wake juu ya bega la mtu ambaye yeye alimnyang'anya jembe.

Kaburi likafunikwa. Lilikata safu kweli, limelala kukingama miguuni pa Zuhurah, na hata mgeni asiyejua kitu angeona kwamba mmoja pale hakukubaliana na wenzake. Watu walishuka kwa makundi, wakizungumza chini kwa chini. Jovan aliosha majembe. Kaudha alikaa karibu na mama yake akikung'uta udongo kwenye gauni, na ndipo machozi yakaja kwa fujo, akalia kwa sauti, bila aibu, kwa kuwa alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani na alikuwa amemaliza kumpigania.

Alipofuta macho, Maalimu Nasuru alikuwa bado yupo. Alikuwa amesimama safu ya tatu, mbele ya matuta mawili madogo ya udongo yaliyokaribia kusawazika na ardhi. Joho lilikuwa mkononi.

Kwa miaka minne Kaudha alikuwa amemtayarishia mtu huyu maneno. Aliyapanga mjini Mbarara akishona, aliyapanga njiani akija, yalikuwa makali na yalikuwa mazuri. Akayatafuta sasa.

"Kaudha," Maalimu alisema, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya mzee. "Batoto bangu. Nibafukue?"

Upepo ulitoka ziwani ukalaza nyasi juu ya makaburi yote, yaliyonyooka na lile moja lililokingama. Kaudha aliyasahau yale maneno makali, lakini hakuwa tayari kumpa matamu.

"Baache balale, Maalimu," alisema. "Wa kugeuka ni weye."

Maalimu alivaa joho lake, akashuka kilima polepole, akishika magoti kwenye mteremko.

Alasiri ilipoadhiniwa, Kaudha alikuwa anatawadha nyuma ya msikiti, udongo wa kaburi ukitoka kwenye kucha zake. Alisikia watu wakiingia. Akasikia Maalimu akisema jambo fupi ambalo alishika neno moja tu, pengo, kisha sauti zikapanda, mlango ukabamizwa, na wanaume wanne au watano wakatoka nje na viatu mikononi, wamenuna, wakaenda zao. Halafu, mmoja baada ya mwingine, mikeka ikaanza kukokotwa sakafuni.